Bakuli la mustikka na gari la Bibi Hilkka

Tuukka, hakuna mtu Karelia nzima mwenye macho kama yangu. Ndivyo nilivyomwambia Bibi Hilkka leo mezani, kifua mbele.

Masharti yake unayajua. Gari lake la kutupeleka dansi Jumamosi haliguswi na dereva asiyekula bakuli la mustikka kila asubuhi. Kwake hilo tunda dogo la msituni ndilo dawa ya macho, miwani ni uvivu.

Nikamwambia, "Bibi, nimekula kiangazi chote. Naona mpaka ng'ambo ya ziwa."

"Haya, mwenye macho, kanichumie ndoo moja."

Nikaenda, nikajaza ndoo, nikarudi napiga mluzi.

Akachukua tunda moja, akaliminya. Maji meupe. Akaminya lingine. Meupe! Mustikka ingemtia zambarau mpaka kucha.

"Mjukuu wangu, hizi ni juolukka za kinamasi, zinafanana na mustikka kwa nje tu. Ndoo nzima! Hata kwa bahati mbaya hukupata mustikka moja?"

Nikasema ni kivuli cha misonobari. Tuukka, nilisema kivuli. Saa sita mchana, jua la kuchoma utosi.

Bibi akainama. Alikuwa anamtazama Halla, mbwa wake, aliyejilaza chini ya kiti changu, palepale anapojilaza kila asubuhi tukila.

Halla akapiga mwayo.

Ulimi wote zambarau, Tuukka. Zambarau mpaka kooni.

"Kumbe mwenye macho ni huyu," Bibi akasema, akitia funguo mfukoni. "Basi Jumamosi ataendesha Halla."