Kashonee Uani

Mjukuu wangu Rehema,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Hapa Msimbazi tu wazima. Mjomba wako ameacha sigara tena, kwa hiyo anagombana na kila mtu.

Unasema bosi wako huko Mwanza anataka uchague: kazi yake, au kusuka watu nywele jioni. Jamani, bado tuko palepale?

Miaka ya Ujamaa nilikuwa karani katika shirika la umma. Mshahara uliisha kabla ya mwezi, basi jioni nilishona sare za shule barazani kwetu Kariakoo. Siku moja meneja alipita akaniona. Kesho yake akaniita.

"Chagua, binti. Cherehani au ofisi."

"Kazi yangu ina kasoro gani, mzee?"

"Haina. Ila watu wakikuona pale watasema hatuwalipi vya kutosha."

"Kwani mnatulipa?"

Nilijua nimejifukuza kazi mwenyewe.

"Basi kashonee uani," akasema.

Uani! Nyuma ya nyumba, kwenye moshi wa mkaa na masufuria ya wapangaji! Kumbe kosa halikuwa kushona, lilikuwa kuonekana. Nilihama, maana tulihitaji kula, lakini mpaka leo nikikumbuka nasonya.

Kama unasinzia kazini, au unamwibia saa zake, bosi wako ana haki, msikilize. Kama anaona aibu tu, muulize hiyo aibu ni ya nani.

Nakuombea riziki zote mbili.

Bibi yako,
Mwanahawa