Nyumba ya Nyanchwa Imetuponyoka

S.L.P. 83,
Kisii.
Tarehe 14 Novemba, 1973.

Mpendwa Dada Bochaberi,

Pokea salamu tele kutoka kwangu mimi mdogo wako Obadiah, na kutoka kwa mke wangu Loice. U hali gani huko Voi? Watoto hawajambo? Joto bado linakunyima usingizi? Sisi huku tu wazima. Mvua imenyesha hadi njia ya Nyamarambe imekuwa tope tupu. Mama anakohoa kidogo, lakini bado anagombana na kuku wake kama kawaida, kwa hiyo usiwe na wasiwasi.

Naandika kwa Kiswahili ili mwanao Mong'ina naye asome, maana habari hii inamhusu. Dada, niseme mara moja: nyumba ya Nyanchwa hatukuipata. Imenunuliwa na mtu mwingine. Nimeianza barua hii na kuichana, nikaianza tena, kwa sababu sikujua niyapange vipi maneno hayo yasikuumize. Hayapangiki.

Usidhani hatukwenda. Jumapili ile tulivaa makoti, mimi na Baba Mdogo Angwenyi, kwa kuwa ulitaka yeye ndiye aseme kwa niaba yako. Bwana Kirimi, yule bwana shamba kutoka Meru anayehamishwa, alitupokea vizuri sana na kututembeza nyumba nzima. Sakafu ya saruji haina ufa, tangi la maji limejaa, na ukisimama mlangoni unasikia kengele ya shule. Nilikuona kabisa, dada, umeketi pale barazani, na hakuna mtu wa reli wa kuja kukuambia kota aliyopewa marehemu mumeo inatakiwa.

Basi mapatano yakaanza. Baba Mdogo unamjua. "Nyumba ni nzuri, lakini mabati yameshika kutu," akasema. Akalaumu mteremko, akalaumu choo kuwa mbali, akalaumu hata migomba ya jirani kwamba inaleta giza. Bwana Kirimi alikuwa akicheka na kupunguza, akicheka na kupunguza, mpaka akafika pale pale ulipotuambia tusivuke. Akasema, "Haya wazee, kwa ajili ya huyo mama na watoto wake, iwe hivyo." Akageuka kumwambia mkewe alete chai.

Hapo ndipo Baba Mdogo aliposimama. Alichukua kofia na fimbo yake, akasema bei hiyo haisikiki, akatoka nje. Ningefanya nini? Nilimfuata.

Tulisimama langoni. Alikuwa ametulia kabisa, hata anatabasamu. Akanikumbusha kwamba alipokwenda kusema mahari yako alitoka hivyo hivyo nyumbani kwa marehemu shemeji, na wakamkimbilia hadi mtoni wakiongeza mtamba. Sisi sote huku tunajua kwamba mzee akitoka namna ile anangoja kuitwa. Lakini yule Mmeru wa watu angejuaje?

Mkewe alitokea mlangoni na sinia ya vikombe. Akatutazama, tukamtazama, akarudi ndani. Nikamwambia Baba Mdogo, "Turudi, chai iko tayari." Akanishika koti. "Chai si kuitwa," akasema. Tukaondoka taratibu, yeye akisimama kila baada ya hatua chache ili wasipate shida ya kutufikia.

Kesho yake nilitaka kurudi, akakataa katakata. Anayerudi bila kuitwa, alisema, amejivua nguo. Jumatano uvumilivu ukaniisha, nikaenda peke yangu bila kumwambia mtu. Nilimkuta Bwana Kirimi akifunga masanduku. Aliposikia kwamba tulikuwa tukingoja, alikaa chini. "Mimi nilidhani mmekataa," akasema. "Kwetu mtu akitoka hivyo, amekataa. Hata mke wangu aliuliza kama tumewakosea." Jana yake alikuwa amekuja Jethro, yule mwenye duka kule Magwagwa, akaitikia bei bila neno, na wakaandikiana.

Nimemkasirikia Baba Mdogo, dada, sikufichi. Lakini tangu nilipompa habari haendi sokoni, na nikipita kwake anajifanya anatengeneza ua ambao hauna kasoro. Siwezi kumwongezea uchungu. Alitaka kukuheshimu kwa njia anayoijua.

Pesa zako ziko salama posta, sikugusa hata senti. Loice amekwisha kutoa magunia katika kile chumba cha pembeni, na mwisho wa Desemba mkitoka kotani mje moja kwa moja kwetu. Najua hicho sicho ulichoomba. Baada ya yale uliyotendewa na shemeji zako kule kwa marehemu, ulitaka mlango ambao hakuna anayeweza kukuambia upishe, na tulikuwa tumekwisha kuupata.

Kuna jambo moja limebaki, nami naliandika kwa sababu mdomoni halitoki. Jethro hataki kuishi Nyanchwa. Anatafuta mpangaji. Juzi alinisimamisha mjini akaniuliza kama namjua mama mtulivu, mwenye watoto wa shule, atakayeitunza vizuri. Nilimwambia nitauliza. Basi nakuuliza, dada, ingawa aibu inanila. Jibu liandike wewe kwa mkono wako, nami nitampelekea kama lilivyo. Sitamtafuta mtu wa kukusemea.

Mama anakusalimu sana. Loice anawasalimu watoto wote, na Mong'ina mwambie asikate tamaa ya shule. Baba Mdogo hakunipa salamu. Aliniambia tu nikuandikie kwamba yuko hai.

Mungu awalinde njiani na awape mahali pa kulala kwa amani.

Wako akupendaye, mwenye majuto,

Obadiah Makori