Kununua Kimya Bwera

Jumatatu, 2 Februari 2015. Kasese

Nimetuma habari tatu. Bei ya pamba, maji kukatika Nyamwamba, wauza samaki na mizani mpya. Ya pamba ilitangazwa jioni kwa sauti yangu. Thembo, mume wangu, alikuwa anakula. Hakuinua kichwa.

Kisha kikaanza kipindi cha Furaha, mtangazaji wetu mpya. Thembo akaacha sahani, akavaa hedifoni, akafunga macho. Kilipoisha akasema, "Sauti yake iko karibu. Kama amekaa hapa mezani."

Mezani nilikuwa nimekaa mimi.

Thembo ndiye fundi mitambo wa redio yetu. Akisifu sauti, anajua anachosifu. Yangu hajaisifu hata siku moja.

Niandike wazi: nina wivu.

Jumanne, 3 Februari. Bwera

Siku ya soko. Malori yamepanga foleni hadi karibu na forodha. Nimerekodi wauza maharagwe na mchuuzi mmoja wa mawese kutoka Beni. Kwenye kibanda chake redio ndogo ilikuwa inarudia habari yangu ya jana. Hakujua ni mimi. Aliponisikia najitambulisha kwa jina langu, Masika, akacheka mpaka akashika kiuno.

"Ni weye? Mama, ule mutoto wa jioni iko na sauti ya asali. Yako iko mu blanketi."

Nimesikiliza mwenyewe pale pale. Ni kweli. Blanketi.

Nimerudi na lori la vitunguu. 

Alhamisi, 5 Februari. Kasese

Mkutano wa asubuhi. Meneja anataka kipindi cha mpaka cha Jumapili kiwe na sauti moja tu. Mimi au Furaha. Thembo aandae mfano wa kila mmoja, uamuzi mwishoni mwa mwezi.

Kipindi hicho nilikianzisha mimi. Furaha ametoka Beni, ana miezi minne hapa.

Mchana alikuwa studio na Thembo. Mlango umefungwa. Taa nyekundu inawaka. Mlango wa studio hufungwa kila taa inapowaka. Najua. Nimepita mbele yake mara kadhaa bila sababu yoyote ya kikazi.

Thembo alitoka anacheka. Furaha pia.

Jumamosi, 7 Februari

Nimeamua kusikia anachosikia Thembo. Kama ni sauti tu, nitajua. Kama ni zaidi ya sauti, nitajua pia.

Nilisubiri aende kwa kinyozi. Nikachomeka hedifoni zake nzito kwenye kompyuta ya nyumbani. Haikusaidia. Tundu la kompyuta lina mlio kama wa nyenje, na ukisogeza kipanya analia zaidi. Juu ya hapo kompyuta haina nguvu ya kusukuma hedifoni za studio. Sauti inafika imechoka.

Nimesoma mambo haya jioni yote kwenye simu. Kinachotakiwa ni kisanduku kidogo cha nje. Kinachukua sauti ya dijitali kwa waya wa USB, kinaigeuza kuwa ya analogia mbali na kelele za kompyuta, na ndani yake kuna kikuza sauti cha hedifoni. Wenye kujua wanakiita daki. Kwenye intaneti wanagombana juu yake kama watu wa kanisa. Nimechukua yale ambayo hakuna aliyeyapinga: kiwe na nguvu ya kutosha hedifoni ulizo nazo, kisilete mlio wake, na kinachozidi hapo ni urembo.

Nina pesa za mabati ya jiko. Jiko litasubiri.

Jumatano, 11 Februari. Mweya

Nimekuja kwa habari ya viboko na bustani za watu. Mwongozaji mmoja wa watalii alikuwa na daki aliyoachiwa na mgeni. Chuma kitupu, kitufe kinazunguka kama siagi. Niliiwekea mkono nikaitamani kama mtoto.

Lakini inataka umeme wa ukutani, na kwetu umeme unakuja ukitaka. Mimi nahitaji inayokula kutoka kwenye kompyuta. Bei nayo ni ya mgeni. Nimemrudishia.

Njiani kurudi, pale Kikorongo, basi lilisimama muda mrefu. Kwenye redio ya kioski alikuwa Furaha. Watu watatu waliacha kula mahindi wakasikiliza. Nimewaangalia wote watatu kwa chuki.

Ijumaa, 13 Februari. Bwera

Kwa Papa Kambale, muuza simu wa Butembo mwenye duka karibu na stendi ya pikipiki. Ana daki tatu. Nilienda na hedifoni za Thembo ndani ya kitambaa na kompyuta mgongoni. Nyumbani nimesema naipeleka kusafishwa vumbi.

Kambale alianza na ya bei ya juu. "Sikia weye mwenyewe, Mama. Hii njo ya bakubwa. Zile zingine ziko za batoto."

Ni kweli ilikuwa nzuri kuliko zingine. Kisha nikaangalia kidole chake. Ile ya bakubwa aliifungulia sauti zaidi. Kila kitu kikipigwa kwa nguvu kinaonekana bora, nimekaa kwenye mikutano ya siasa ya kutosha kulijua hilo. Nikasawazisha zote mwenyewe, nikafumba macho, nikamwambia abadilishe bila kusema ipi ni ipi.

Ya rahisi kabisa niliitambua mara moja. Kwenye hedifoni nzito inakosa pumzi, besi inavunjika. Kati ya ile ya kati na ile ya bakubwa sikuona tofauti. Tumerudia. Sikuona.

Mwisho nikazima muziki, nikafungua sauti mpaka mwisho, nikasikiliza.

"Mama, uko unasikia nini?"

"Kama ina mlio wake."

Akapiga kofi kwenye meza, akamwita jirani. "Kuya uone! Batu bote banakuja kusikia muziki, Mama huyu iko ananunua kimya!"

Jirani naye akataka kujua kimya kinauzwa kilo bei gani.

Ya kati ilikuwa kimya kabisa. Nimeichukua. Ya bakubwa, kwa taarifa, ilikuwa na kamlio kadogo ukifika mwisho. Kambale alipoisikia aliacha kucheka.

Jumapili, 15 Februari. Kasese

Thembo amekwenda kwenye mpira na mwanetu Baluku na wadogo zake. Nimekaa na daki.

Kwanza Furaha, vipindi nilivyonakili studio. Nilisikia kila kitu. Karatasi anavyoigeuza, kiti, midomo inavyofunguka kabla ya neno. Hakuna kicheko kilichofichwa, hakuna jina la mtu. Kuna sauti tu, na sauti ni nzuri. Nilitaka iwe na kasoro. Haina.

Kisha habari yangu ya maharagwe, kama ilivyotangazwa. Blanketi. Kwa kisanduku kizuri ni blanketi zito zaidi.

Kadi ya kinasa sauti bado ilikuwa kwenye mkoba. Nikafungua rekodi ile ile kabla haijaguswa.

Si blanketi. Soko lote limo. Mwanamke akimwaga maharagwe kwenye beseni, naisikia punje ya mwisho. Na sauti yangu iko wazi. Iko karibu.

Nikarudia nikiwa nimesimama, sijui kwa nini.

Nikafungua habari za mwaka jana, na za mwaka juzi. Zote zimefunikwa. Za Furaha hakuna hata moja. Kati ya kadi yangu na redio kuna mtu mmoja tu anayegusa sauti.

Jumatatu, 16 Februari

Siku mbaya. Nimekwenda Nyamwamba kwa kikao cha takataka, nikaandika habari yake, sikumbuki nilichoandika.

Nimejihoji kama ninavyomhoji mtu mwingine yeyote. Nani anafaidika? Kwa nini mmoja na si mwingine? Ilianza lini? Majibu yote yanakwenda upande mmoja na siyapendi. Mimi nazimiwa mwanga, yule anawashiwa.

Thembo aliuliza kama naumwa. Nimesema hapana. Akanipa kipande kikubwa cha nyama kutoka sahani yake. Nimekirudisha.

Jumanne, 17 Februari

Nimetoka Bwera mapema. Kwa kawaida nafika Thembo akiwa ameshakula, namwachia kadi naoga, habari inakuwa tayari kabla ya kulala. Hajawahi kufanya kazi hiyo nikiangalia. Leo nilikaa jikoni, mlango wazi.

Akachomeka hedifoni kwenye tundu la kompyuta. Akafungua rekodi yangu. Hata kabla sijatamka neno la kwanza alisonya.

"Huyu mdudu."

Mkono ukaenda moja kwa moja kwenye sauti nyembamba, zile za juu. Akazikata. Akasikiliza. Akakata tena.

Niliacha sufuria. Nikauliza mdudu gani.

"Si hizi jenereta za sokoni, pale Mpondwe, Mama Baluku? Kila ukienda soko unaniletea mdudu. Mimi kazi yangu ni kumtoa tu. Siku moja rekodi mbali nazo kidogo."

Nikaenda kuchukua daki ndani ya sanduku la nguo. Nikaiunganisha na kompyuta, nikahamishia humo waya wa hedifoni zake. Nikarudisha rekodi mwanzo, kabla hajaikata.

Alisikiliza. Akaangalia nyuma ya kompyuta kama mtu aliyedondosha kitu.

"Mdudu amekwenda wapi?"

"Hakuwa kwenye rekodi yangu. Anaishi kwenye kompyuta yako."

Alivua hedifoni. Akazivaa tena. Za Furaha anazitengeneza studio, kwenye mashine isiyo na mlio, kwa hiyo hakati kitu. Zangu anazitengeneza hapa, kwa sababu nikitoka Bwera giza linaingia na aliona afadhali nirudi nyumbani kuliko kunipitisha studio. Miaka miwili amekuwa akinitoa mdudu ambaye si wangu, na kila mara alikata kipande changu pamoja naye. Kwa uangalifu. Kwa bidii.

"Mimi fundi mzima," alisema. Basi.

Nilikuwa na hasira ya siku mbili na hakuna wa kumpa. Nikarudi kwenye sufuria. Imeungua.

Jumatano, 18 Februari

Ameuliza daki imetoka wapi. Nimemwambia. Ameuliza kwa nini niliinunua. Nimemwambia hilo pia, lote, pamoja na taa nyekundu.

Hakucheka. Ningeona afadhali acheke.

Ijumaa, 20 Februari

Thembo amepeleka mifano miwili kwa meneja. Wangu ameutengeneza upya kwa daki. Kabla ya kuucheza alisema mbele ya wote kwamba sauti yangu ilikuwa inaharibiwa na yeye, si na maikrofoni wala na mimi. Alisema akiwa amesimama. Si mtu wa kusimama.

Meneja alisikiliza mara mbili. Furaha alikuwa mlangoni.

"Eh, Mama Masika! Kumbe uko na sauti? Tangu nifike nilijua uko na mafua, nikaona haya kuuliza!"

Chumba kizima kilicheka. Mimi pia, kabla sijajizuia.

Alhamisi, 26 Februari

Kesho uamuzi. Nimesikiliza mifano yote miwili tena, kwa sauti iliyosawazishwa, macho yamefumbwa, Thembo anabadilisha. Kama kwa Kambale.

Tofauti niliisikia.

Ijumaa, 27 Februari

Kipindi amepewa Furaha. Mimi nabaki na habari za mpaka ndani yake, kwa sauti yangu mwenyewe.

Ningeweza kubisha kama ningekuwa sijasikia. Nimesikia kwenye kisanduku kisicho na mlio, nilichokichagua mwenyewe. Yeye anasoma vizuri zaidi. Mimi nauliza vizuri zaidi. Hilo la pili hakuna aliyelisema, naliandika hapa.

Nimempa mkono. Wake ulikuwa na jasho. Sikufikiri kwamba na yeye alikuwa anaogopa.

Wivu upo. Sasa una sababu ya kweli, na huo naweza kukaa nao.

Jumapili, 1 Machi. Kasese

Mvua tangu asubuhi. Jiko linavuja pale mabati yalipotakiwa kuwa. Nimeweka beseni.

Kipindi cha kwanza cha Furaha. Amenikaribisha kwa adabu, kwa jina langu kamili. Habari ya wauza mawese, ile iliyorekodiwa Jumanne. Thembo alivaa hedifoni kusikiliza faili aliyoitengeneza, si redio. Macho yamefumbwa.

Ilipoisha alizivua. Kisha akasema kwamba kabla ya kutaja jina langu mwishoni huwa navuta pumzi. Ndogo. Hakuwahi kuijua, ilikuwa inaondoka pamoja na mdudu.

Nimemuuliza kama aliikata safari hii.

Akanivalisha hedifoni, akarudisha nyuma kidogo. Mvua ikapotea. Halafu ikaja pumzi, halafu jina langu.

Ameiacha.