Askari wa Kumkaribisha Mgeni

Baba,

Tangu tukuzike, mahindi tumevuna, Mama hajambo, na redio yako anayo Baba Mdogo, betri anazianika juani kama wewe. Yule jogoo wako jeuri tulimchinja Pasaka. Usinune, alimdonoa mchungaji.

Sasa hili lililonikalisha kuandika. Jumamosi nilishuka milima ya Mwese kwa miguu, kibao chako cha chesi mgongoni, nikadandia lori la mahindi hadi Mpanda kwenye mashindano. Nilikuwa nimeapa kutofungua mchezo kama wewe. Miaka mitatu ulianza na askari wa mfalme, kisha ukamsogeza jirani yake aliwe bure, na miaka yote mitatu Mwalimu Gervas alimla na kukufunga. Watu walikucheka mpaka sokoni. Wewe unajibu tu, "Mgeni haulizwi shida yake kabla hajala." Ndivyo ulivyoendesha nyumba, ndivyo ulivyocheza. Mimi nilikuwa naona aibu, Baba. Nisamehe.

Nikapangiwa nani? Mwalimu Gervas. Nilivyomwona anatabasamu, kiapo kikaniishia. Nikasogeza askari wa mfalme. Akajibu. Nikamsogeza na jirani yake.

Mwalimu akanyoosha mkono, akaurudisha. Akaninong'oneza kwamba msiba bado mbichi, hawezi kumla askari wa marehemu. Hasira zikanipanda. Akinihurumia, hata nikishinda watasema nilipewa, na wewe utabaki kichekesho. Nikamwambia, "Mwalimu, kula. Kwetu mgeni asipokula ametudharau."

Akala. Halafu akacheza kwa ukali wote, jasho likanitoka. Ila kete zangu zilikuwa zimeshatoka nje mapema, yeye bado anahangaika kulinda alichokula. Farasi wako yule mwenye sikio moja, uliyemchonga vibaya ukasingizia kisu, ndiye aliyemfungia mfalme wake njia ya mwisho. Mwalimu akamlaza mfalme taratibu, akasema, "Kumbe mzee alikuwa anajua." Nililia pale pale mbele za watu, na safari hii sikuona aibu.

Jumapili anakuja Mwese nimfundishe. Mama ameshachagua kuku.

Pumzika, Baba yangu. Kibao sitakiweka darini. Kila atakayekaa mbele yake nitampa ugali kwanza, kisha nitampa askari wako, hata siku nitakayofungwa.

Binti yako,
Konsolata