Nilifuta Njia, Nikasahau Kufuta Watu

Mpendwa mshauri, nakuomba unisaidie kabla ya Alhamisi, maana baada ya hapo sijui nitakuwa mtu wa namna gani.

Mimi ni mchoraji wa ramani za majengo. Miaka mitatu iliyopita nilichora jengo la ofisi la ghorofa saba, na kwa kweli nililipenda, kwa sababu upande wa kituo cha basi niliweka geti dogo la waenda kwa miguu na baiskeli, na njia yao wenyewe ya mita mbili yenye ukuta mfupi wa kuitenga na magari. Mwenye jengo alipoiona akacheka, akamwuliza mkuu wangu, "Kwani wapangaji wangu ni wauza maziwa?" akataka nafasi nane zaidi za magari, na mkuu akaniambia, "Futa, bwana, usituharibie kazi," nami nikafuta mchana uleule bila hata kubisha, geti likawa ukuta, wenye magari na wenye miguu wote wakawa wanashukia mteremko mmoja wenye kona usiyoona mbele.

Jengo lilipofunguliwa nilimtafutia shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, kazi ya ufundi wa lifti humo, na mke wangu kwa furaha akamnunulia baiskeli. Mwezi uliopita, saa moja na nusu asubuhi, alikutana na gari la maji pale konani. Siku ya tatu akafariki.

Mke wangu amekonda, anakaa jikoni ameshika kengele ya ile baiskeli, anasema, "Mimi ndiye niliyemuua mdogo wangu, mimi na zawadi yangu," na mimi namwambia, "Ni mipango ya Mungu, mama watoto," huku najua.

Alhamisi wakaguzi wa majengo wanakuja kuchunguza ajali ile. Sisi wachoraji huweka vijitu vidogo kwenye ramani kuonyesha watu watapita wapi, na siku ile nilifuta njia nikasahau kuwafuta wao, kwa hiyo kwenye ramani iliyopigwa muhuri wapo watano na baiskeli moja, wanatembea katikati ya njia ya magari. Mkuu amewaona. Anataka niuchore upya ukurasa huo kwa tarehe ileile, anasema dereva yuko mahabusu tayari, mambo yamekwisha. Nina watoto wanne. Nifanye nini?

Mchoraji

*

Ndugu mchoraji, pole kwa msiba, ingawa pole hiyo ni ya mkeo zaidi kuliko yako.

Wakaguzi, mkuu, watoto wanne, yote nimeyasoma, lakini lililonikaa rohoni ni hiyo kengele. Mwezi mzima mwanamke anajihukumu jikoni kwako, na wewe unamsingizia Mungu. Huoni haya? Kufuta uliagizwa, na wengi wangefuta, hapo nakuonea huruma. Kunyamaza hukuagizwa na mtu.

Usichore upya chochote. Ukiigusa karatasi hiyo, dereva ataozea ndani kwa kona uliyoichora wewe. Piga picha ramani zote mbili, ya kwanza na ya pili, tafuta mwanasheria, uzipeleke kwa wakaguzi mwenyewe kabla hawajaja. Kazi utaipoteza, usijidanganye. Huenda na mke pia.

Tena kesho asubuhi waliofanya kazi na marehemu watashuka mteremko uleule. Nenda kasimame pale, uwaombe walinzi wazuie magari mpaka watu wapite, na umwandikie mwenye jengo kwamba ukuta uvunjwe na geti lirudi. Vipimo unavyo.

Ila kabla ya hayo yote, leo hii, kaa na mkeo. Usianze na mkuu wako, wala mwenye jengo. Mwambie kwanza kwamba baiskeli aliyonunua ilikuwa nzuri na mdogo wake aliiendesha vizuri, kisha mtandikie ramani mezani, umwonyeshe mahali njia yake ilipokuwa.