Vidonge Tulivyogawana

Mdogo wangu Odile,

Pilipili zako zimefika, ila wauguzi wamezificha. Mapafu yamechoka, kwa hiyo nakuandikia mkono ukiwa bado unanitii.

Uliuliza lini mwanao Remy, anayeugua mapafu kama mimi, atapata dawa inayojaribiwa kwetu hapa, hospitali ya askari wastaafu. Jana Daktari Lindqvist alitangaza kwamba utafiti unafungwa. Waliopewa dawa na waliopewa vidonge vya unga mtupu wameendelea kuugua sawasawa.

Odile, sababu ni sisi. Siku ya kwanza Purvis, jirani yangu wa kitanda, alituambia, "Nusu yetu tutalishwa unga, jamani. Vitani tuligawana hata kopo la maharage. Leo mmoja apone, mwenzake afe anamwangalia?"

"Haya, sajini, kata," nikamjibu. "Ila usinipunje kama kawaida yako."

Tukacheka. Tangu hapo kila asubuhi tulivikata vidonge na kugawana, na wodi nzima ikatuiga. Dawa haikumtosha yeyote. Purvis alizikwa Jumanne.

Mimi niliyefundisha kemia miaka yote tangu nitoke jeshini nilijua tunaharibu nini. Nilinyamaza nisionekane msaliti.

Leo daktari akipita nitamweleza, labda waanze upya. Wenzangu wameshajua kwamba nitasema, na hakuna anayenisemesha.

Remy akipewa kidonge chake, mwambie akimeze chote, peke yake, hata rafiki yake akimtazama.

Kaka yako,
Alcide