Gari Nililolichagua

Mdogo wangu,

Sisi wazima, magoti tu ndiyo yanayolalamika. Umenuna kwamba sipokei simu. Subiri, nitafika huko.

Nimestaafu kufundisha udereva, nikajinunulia gari. Ya kuchagua yalikuwa mawili. Kubwa la safari ndefu, viti vya ngozi, laini kama godoro. Dogo la mbio, gumu, kila kokoto unaihisi kiunoni. Muuzaji akaniambia, "Mama, chukua hili kubwa, limetulia." Nikachukua dogo. Shemeji yako anasema nimerukwa na akili.

Hajui kwamba lile kubwa nililiwasha mara mbili, nikidhani limezima. Hili dogo linanitetemesha mgongo, najua linawaka.

Simu zako sizipuuzi, mdogo wangu. Sizisikii. Niandikie.

Dada yako